Chaki ya Chokaa na Nywele za Masika

Mwaka walipokuja kutuandikisha kwa kadi za uchaguzi, mashine ilikataa vidole vyangu. Kijana mwenye kuandikisha alinibonyeza kidole gumba juu ya kioo, akangoja, akakipangusa kwa shati lake, akakibonyeza tena. Mwisho akamwita mwenzake: "Kuya uone. Huyu mama haina alama ya vidole." Watu kwenye mstari wakacheka. Nikamwambia: "Mwanangu, alama zangu zilibakia ubaoni. Miaka thelathini nilizifuta pamoja na hesabu."

Hata mimi nilicheka siku ile. Lakini ninyi walimu vijana mnaokuja kwangu hapa Butembo kuomba maandalio yangu ya zamani, mnaniuliza namna ya kufundisha sehemu za hesabu, namna ya kunyamazisha kalasi yenye watoto wengi, namna ya kumpokea inspekta. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za vumbi. Basi leo nitawaambia bila kuulizwa.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipokewa mlangoni na mkuu wa shule, mzee Paluku, ambaye sisi wote tulimwita Directeur. Alikuwa Mprotestanti mrefu, mwembamba, na sharubu zake zilikuwa nyeupe upande mmoja tu, upande wa kuume, kwa sababu alipofikiri alizishika huku chaki ingali mkononi. Akanitazama nikifuta ubao, akanikamata mkono.

"Madame Kahindo, hapana kuzungusha mukono sawa mutu anaosha sahani. Futa toka juu, shuka mupaka chini. Na ufunge kinywa. Mwalimu anayesema wakati anafuta, anakula somo yake yeye mwenyewe."

Mambo yale hawakunifundisha katika masomo ya ualimu. Yeye ndiye aliyenifundisha kunyunyiza maji sakafuni asubuhi kabla watoto hawajaingia, maana sakafu yetu ilikuwa udongo, na miguu ya watoto ilileta vumbi jekundu la barabara likachanganyika na lile jeupe. Alinifundisha kufuta kwa kitambaa chenye umajimaji, si kikavu. Kufunga kichwa kwa kitambala, na kukikung'utia nje ya nyumba jioni. Kuosha mikono kwa maji matupu kwanza, kisha sabuni kidogo, kisha mafuta ya mawese wakati ngozi bado ina maji. Mafuta yale yaliacha wekundu kwenye mashuka, na marehemu mume wangu alilalamika mpaka akazoea, lakini mikono yangu haikupasuka.

Na nilikosea pia. Siku moja inspekta alikuja ghafla, nami kwa haraka nikagonga brosi ya ubao ukutani karibu na uso wake. Alitoka kalasini kama mtu aliyetoka kuoka mikate. Jioni, nikirudi nyumbani, wanawake wa njiani waliniita: "Mama, mashine inasaga leo?" Walinidhani mfanyakazi wa mashine ya muhogo, kwa unga ule kichwani na katika nyusi. Nilijibu: "Inasaga, lakini inasaga vichwa vya batoto." Wakacheka, nikapita.

Mambo ya kuchekesha yanaishia hapa.

Wakati wa vita vya pili vya Kongo, mji wetu ulipita mikononi mwa watu wengi. Leo basoda hawa, yaani askari, kesho wale, na kila kundi lilikuwa na bariere zake, vizuizi vya kukagua wasafiri, barabarani. Chaki zetu zilitoka upande wa Kasindi, mpakani, na njia ilifungwa mara kwa mara. Wakati huohuo watu waliokimbia vijiji walituletea watoto wao, wakakaa wanne ambapo walikaa wawili, wengine chini. Vitabu vilikuwa vimekwisha, vingine vimewashiwa moto na basoda waliolala shuleni juma zima. Kila kitu ambacho mtoto alipaswa kukijua, mwalimu alikiandika ubaoni kwa mkono wake.

Mwalimu aliyeandika kuliko sisi wote alikuwa Masika, wa kalasi ya sita, ile ya mtihani wa mwisho. Tulikuwa majirani, na nilimpenda kama mdogo wangu. Alikuwa mfupi. Ubao wa kalasi yake ulitundikwa na mafundi warefu wasiofikiri, basi aliandika akisimama juu ya vidole vya miguu, na alipofuta, vumbi lote lilimwangukia utosini. Tulimtania: "Masika, unabatizwa mara ngapi leo?" Naye alijibu: "Mupaka dhambi zenu zote ziishe."

Mume wake, Kasereka, alikuwa mtu wa baiskeli. Alipakia chumvi na sabuni, akasukuma mpaka upande wa Mambasa, akarudi na mchele na mafuta. Safari ile ya mwisho aliondoka kabla ya mvua, na mvua ikaja, ikakatika, ikaja tena, naye hakurudi. Watu waliotoka kule walisimulia habari za msitu ambazo sitaziandika. Mtoto wao mmoja, Katungu, msichana wa miaka mitano, alikuwa Beni, katika mtaa wa Ruwenzori, kwa bibi yake mzaa baba, Mama Kavugho, kwa sababu bibi alikuwa na shamba na mtoto alikula vizuri.

Masika alikuwa na nywele nyingi, ndefu, alizozisuka na kuzificha chini ya kitambala. Aliniambia: "Sitazikata. Kasereka akirudi, anikute vile aliniacha."

Chaki zilipoisha kabisa, mimi ndiye niliyejitolea kutengeneza nyingine. Nilijiona ninafaa, maana baba yangu alikuwa mwashi, na nilikua kati ya mchanga na chokaa. Nilianza vizuri. Udongo mweupe niliuchimba kando ya mto, nikautwanga, nikauchuja kwa kitambaa cha pazia. Nilipika uji mwembamba wa unga wa muhogo uushikamanishe. Kwa umbo nilitumia mabua ya majani ya papai, yale yenye tundu ndani, niliyoletewa kutoka upande wa joto. Ukikausha bua, unalipasua, na chaki inatoka mviringo kama ya kiwandani.

Lakini ilivunjika, na iliandika hafifu. Watoto wa nyuma walipiga kelele: "Madame, hatuone!" Mtihani ulikuwa karibu. Nikakumbuka magunia ya chokaa yaliyobaki kwenye kanisa ambalo vita vilisimamisha ujenzi wake. Nikamwomba Directeur ruhusa. Alishika sharubu.

"Chokaa ni kali," akasema. "Kama unaitia, tia kidogo sana. Uiloweshe kwanza. Na craie, chaki ile, ikiisha kukauka, uiache muezi muzima hewani, ipoteze ukali. Usiipatie mwalimu mbele ya muezi kuisha. Umesikia?"

"Nimesikia, Directeur."

Nilisikia, na nilijua ni kweli, kwa sababu baba yangu alisema vilevile. Lakini Directeur alikwenda Kayna kwenye kilio cha dada yake, njia ikafungwa, akakawia. Mimi nikatia chokaa nusu kwa nusu. Ilipoingia majini ilichemka kama sufuria, nikafurahi. Chaki nilizikausha siku tatu kando ya jiko. Na mistari yake! Ilikuwa myeupe kama maziwa. Watoto wa nyuma kabisa, hata wale wa dirishani, walisoma. Nilizipeleka zote kwa Masika, maana mtihani ulikuwa wake. Kwangu, kalasi ya kwanza, tuliandika herufi kwa zile za udongo, na nyingine kwa kidole mchangani.

Directeur aliporudi alichukua kipande kimoja, akaandika neno, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umeiacha muezi muzima?"

"Ndiyo, Directeur."

Hata sikutazama pembeni. Nilimtazama machoni.

Vidole vya Masika ndivyo vilivyoanza. Ngozi ilikauka, ikawa kama ganda la kitunguu, kisha ikapasuka kwenye maungo. Nikamwambia ni hewa ya milimani, naye akafunga vipande vya kitambaa akaendelea kuandika. Baadaye nyusi zikapungua. Kisha kichwa. Kiliwasha mchana kutwa; alijikuna kwa mkia wa kalamu chini ya kitambala huku akifundisha. Kila jioni alikiosha kwa sabuni ileile kali ya kufulia, akidhani ni uchafu, na sabuni ikakutana na vidonda. Jasho la siku nzima, kitambala kilichofungwa kwa nguvu, na vumbi lile ndani yake. Asubuhi moja alikuja kwangu na chanuo. Lilikuwa limejaa nywele, na zile nywele zilikuwa na vipande vya ngozi.

Alikwenda kwenye kituo cha afya. Akarudi akakaa kwenye kiti kifupi uani kwangu.

"Muganga ananiuliza: Mama, unafanyaka kazi ya chokaa? Nikamwambia, mi niko mwalimu. Akasema ninyoe zote, juu dawa ifike kwa vidonda."

Nilikuwa ninachambua maharagwe. Sikuinua kichwa.

"Kahindo, nikinyoa batasema nini? Kasereka haiko. Mwanamuke wa kwetu ananyoa kichwa juu ya kilio tu, bwana akikufa."

Hapo palikuwa mahali pangu pa kusema. Ningesema: ni mimi, ni chokaa yangu, acha kalasi majuma mawili, tupa zile chaki. Badala yake nilisema: "Ni nywele tu. Zitaota. Utafunga kitambala." Nikaenda kuchukua wembe, nikamnyoa mwenyewe. Alilia bila sauti, na machozi yalimwangukia kwenye mikono iliyofungwa vitambaa. Nilifagia nywele zile nikazitia shimoni.

Na chaki zile hakuziacha, kwa sababu hakuna aliyemwambia aziache. Aliandika nazo mpaka siku ya mtihani. Watoto wake walifaulu vizuri sana. Wazazi walikuja kutupongeza, na kuna baba mmoja aliyenishika mkono kwa ajili ya chaki nzuri.

Shule zilipofungwa, Masika alipanda lori kwenda Beni kumwona mtoto wake. Haya nitakayosema sasa aliniambia yeye mwenyewe, na baadaye niliyasikia kwa wengine, nayo hayakutofautiana.

Mahali fulani njiani kulikuwa na bariere. Basoda waliwaambia wote washuke. Wanawake wawili walikuwa wamekwisha kupelekwa nyuma ya kibanda cha majani. Soda mmoja akamfikia Masika, akamwambia kwa Lingala avue kitambala: "Longola!" Akakivua, akampa. Soda akaona kichwa kilichonyolewa, chenye makovu. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mobali na yo akufi?" Mume wako amekufa?

Masika alisikia mwanamke mmoja akilia nyuma ya kibanda. Akasema: "Ee. Amekufa."

"Botika ye," soda akawaambia wenzake. "Azali na matanga." Mwacheni, yuko kwenye msiba. Akamrudishia kitambala kwa mikono miwili, kwa heshima, Masika akapanda lori.

Kati ya wasafiri kulikuwa na mama mmoja mwenye gunia la maharagwe, mwimbaji wa kanisa la Mama Kavugho. Masika hakumjua. Yule alimjua Masika, kwa kuwa aliimba siku ya ndoa yake.

Walipofika Beni, Masika alipitia sokoni kumnunulia mtoto sukari na biskuti. Mama wa maharagwe alikwenda moja kwa moja kwa Mama Kavugho na habari ile.

Masika alipokaribia nyumba alisikia kilio. Si kilio cha mtu mmoja; kilio cha lopango zima, ua wote. Aliniambia kwamba jambo moja tu liliingia kichwani mwake: Katungu amekufa. Alitupa biskuti, akakimbia, kitambala kikaanguka njiani. Alipopita mlango wa ua aliona wanawake wamekaa chini, Mama Kavugho katikati yao ameshikwa na wawili, na pembeni, amesimama juu ya miguu yake mwenyewe, kidole kinywani, Katungu.

Na Masika akacheka. Kwa furaha ya kumwona mtoto mzima, alicheka kwa sauti kubwa, kichwa kitupu, mbele ya waombolezaji wa mume wake.

Wote wakamgeukia.

"Munaona?" akasema Mama Kavugho. "Anacheka."

"Mama, nilizani ni mutoto—"

"Ulijua tangu lini? Mwanangu alikufa, ukanyoa, ukakaa kimya kule Butembo. Mimi ninamulimia shamba akirudi akule. Ulijua tangu lini?"

"Sijue kitu! Kasereka hajakufa. Haina mutu alisema amekufa."

"Ni weye ulisema. Kwa kinywa yako, mbele ya lori muzima."

"Nilisema juu ya basoda, mama. Basoda balikuwa…"

"Na nywele? Ni basoda balikunyoa?"

"Ni craie. Vumbi ya craie iliharibu kichwa."

Mwanamke mmoja akasema kutoka chini: "Walimu bote ba Butembo beko na nywele. Ni weye peke yako njo craie inanyoaka?"

Mama Kavugho akamwonyesha mkeka. "Ikaa. Umulilie mume wako sawa mujane. Ao toka kwangu. Juu kama hajakufa na umemunyolea, basi ni weye unamuita kifo."

Masika alisimama pale. Kukaa juu ya mkeka ule kulikuwa kusema Kasereka amekufa, na hilo hakuweza. Akatoka. Mtoto alilia nyuma yake, wakamshika.

Siku ya kwanza ya mwaka mpya wa shule aliingia kalasini kama kawaida, akafundisha sehemu. Wakati wa mapumziko aliniambia yote, akiwa ameegemea ukuta, na mwisho akasema: "Kahindo, mi sijue hata nilikosea wapi."

Nilikaa na neno hilo mpaka Jumapili. Kanisani sikuweza kuimba. Jumatatu niliingia kwa bureau ya Directeur nikasimama mbele ya meza yake kama mwanafunzi aliyeiba.

"Directeur, zile chaki hazikukaa mwezi. Zilikaa siku tatu. Na chokaa ilikuwa nusu."

Alionekana mzee sana. "Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Mimi naweza kukusamehe. Lakini si mimi njo nilinyolewa. Enda umuambie yeye."

Nilimwambia Masika uani kwangu, pale pale nilipomnyoa. Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alitazama mikono yake, ambayo wakati huo ilikuwa inaanza kupona, akauliza polepole: "Siku ile nilikuambia muganga aliuliza chokaa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa ninajua."

"Na ukaenda kutwaa wembe."

"Ndiyo."

Alisimama, akafunga kitambala chake vizuri. Kisha akasema: "Utaenda Beni. Utasema hivyo mbele yao wote."

Tulikwenda watatu, na Directeur, ambaye hakuwa na nguvu tena za safari za lori lakini alikataa kubaki. Mama Kavugho alitupokea kwa sababu ya mvi za Directeur. Jamaa walikaa uani. Mtoto Katungu alifungiwa ndani. Tulimsikia akiimba peke yake. Directeur alisalimu, akasema maneno machache ya heshima, kisha akanigeukia: "Sema."

Nikasema. Kuhusu udongo mweupe, kuhusu magunia ya kanisa, kuhusu siku tatu badala ya mwezi. Nikasema nilimdanganya mkuu wangu machoni, na rafiki yangu nilimnyoa nikijua. Niliona hawaniamini. Nyuso zao zilikuwa zinasema: hawa walimu wamekuja kumtetea mwenzao na hadithi ya kitabu.

Ndipo kaka wa Mama Kavugho, mzee Mumbere, akakohoa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kununua na kutengeneza ngozi.

"Hii mama anasema kweli," akasema. "Ngozi ya mbuzi tunailaza ndani ya maji ya chokaa. Siku chache, unavuta manyoya na mukono tu, yote inatoka. Batumishi bangu, vidole vyao vilikuwa sawa vile." Akanyanyuka, akamwendea Masika, akamwomba ainamishe kichwa. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, ila utosini palikuwa na mahali panapong'aa, padogo kama kiganja cha mtoto. Mzee alipagusa kwa kidole. "Ni chokaa," akasema. "Dada yangu, ni chokaa."

Nilishusha pumzi. Nilidhani tumemaliza.

Mama Kavugho alikuwa ametazama chini. Alipoinua uso, haukuwa uso wa mtu aliyepatanishwa.

"Donc, basi," akasema, "hakuna mutu alimuona akikufa."

"Hakuna, mama," Masika akajibu.

"Kilio yote tulilia… tulimulilia nani?" Akaonyesha ua kwa mkono. "Watu balikula hapa. Balirudi kwao. Mimi nililala usingizi, miezi sasa ninalala. Nilisema, mwanangu anapumuzika." Akajishika kifua. "Sasa munaniambia anaweza kuwa mahali. Kwa mvua. Na njaa."

Alimwachilia mtoto siku ileile. Alimfungia Katungu nguo zake ndani ya kikwembe, akamkabidhi Masika, na akamwomba msamaha mbele ya jamaa. Lakini kabla hatujafika mwisho wa barabara, niligeuka nikamwona amesimama mlangoni, ametazama upande wa Mangina, njia inayotoka Mambasa.

Ilisemwa kwamba vita vimekwisha. Watu wa baiskeli walianza kupita tena. Mama Kavugho alikaa kando ya njia na ndizi za kuuza, na kila aliyeshuka kutoka msituni alimuuliza. Mmoja alisema aliona baiskeli yenye kiti chekundu mahali fulani. Mwingine alisema hapana, ilikuwa ya mtu mwingine. Masika aliendelea kufundisha. Wanaume walimposa, akawaambia: "Mi niko na bwana." Kazini walimwandika mwanamke aliyeolewa, kanisani walimweka kati ya wajane. Mahali pale utosini hapakuota nywele tena. Tuliendelea kuwa majirani. Alinisamehe, nadhani, lakini kichwa chake hakuniachia tena nikisuke.

Ninyi vijana, kama siku moja mtalazimika kutengeneza chaki wenyewe, na kwa nchi yetu hii siapi kwamba hamtalazimika, udongo mweupe na uji wa muhogo vinatosha. Itaandika hafifu. Basi wasogezeni watoto mbele, waketi hata chini ya miguu yenu, mwandike herufi kubwa. Mimi sikufikiri hilo. Mbele ya ubao palikuwa na nafasi, nami nikaenda kutafuta chokaa. Na mwenzenu akiwaonyesha kidole kilichopasuka, msimwambie ni hewa ya milimani.

Miaka mingi baadaye, karibu na kustaafu kwangu, nilikuwa ninafundisha kalasi ya kwanza herufi m, asubuhi, niliposikia mtu kwenye mlango. Alikuwa Mama Kavugho. Amekonda, ana fimbo, viatu vyake vyekundu kwa vumbi. Alikuwa amepanda gari peke yake kutoka Beni.

Nilimpa kiti changu. Alikataa kukaa.

"Madame Kahindo, sitakawia. Nimekuya juu ya neno moja." Aliongea kwa sauti ndogo, lakini watoto walikuwa kimya na kila mmoja alisikia. "Ile siku, mulikuya kwangu watatu. Ulisema ni chokaa. Ndugu yangu naye akasema ni chokaa. Lakini ndugu yangu alikuwa na huruma, na weye ulikuwa rafiki ya Masika."

"Ndiyo, mama."

"Kama ulidanganya juu ya kumuokoa Masika, niambie. Sitakasirika. Kwa Mungu, sitakasirika. Kama alijua Kasereka alikufa, uniambie tu: alijua. Mi nimechoka, mwanangu."

Nilielewa alichokuja kuchukua. Neno moja. Mimi niliyemdanganya mkuu wangu bila kupepesa, nilikuwa nalo mdomoni. Alikuwa anataka kumzika mtoto wake, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyeweza kumpa ruhusa. Na kwa neno lile, Masika angekuwa mwongo tena katika nyumba ya mume wake, na Katungu, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, angekuwa mtoto wa mwongo.

"Ilikuwa chokaa, mama," nikasema. "Masika hakujua kitu. Hata leo hatujue."

Alinitazama machoni, akatafuta.

"Kweli?"

"Kweli."

"Aya," akasema. "Basi nitaendelea kungoja."

Akashika fimbo yake vizuri, akageuka. Watoto wote wakasimama, kama tulivyowazoeza mgeni anapotoka, wakamuaga kwa sauti moja: "Au revoir, maman." Yeye akasimama mlangoni, akawaitikia, akatoka.